UZI: Mzunguko mmoja wa IVF, kutoka sindano ya kwanza hadi kipimo cha damu

#1 Bi Sindano

Wakuu, salamu. Maswali ya IVF (yai kurutubishwa maabara, nje ya mwili) yamekuwa yakija vipande vipande: leo mtu anauliza sindano, kesho mwingine anauliza imekuwaje mayai 12 yakaleta viinitete (mayai yaliyorutubika na kuanza kukua) viwili tu. Tuyaweke yote hapa na tufuate kalenda. Mimi nachukua dawa, sindano na ultrasaundi. Maabara_37C atachukua yanayotokea baada ya mayai kutoka mwilini. Dozi nitakazotaja ni zile zinazotumika sana, zikusaidie kusoma karatasi yako. Dozi yako ni ile iliyoandikwa kwa jina lako.

Kinachoamua dozi ni umri, kipimo cha damu cha AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai), na hesabu ya vifuko vidogo vya mayai (mm 2 hadi 10) kwa ultrasaundi ya ukeni mwanzoni mwa hedhi. AMH na hesabu hiyo vinakisia mayai mangapi yatapatikana. Ubora havisemi. Ubora wa yai unakwenda na umri, ndiyo maana mwenye miaka 29 na mayai 5 anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko mwenye miaka 43 na mayai 12. Hili watu hawapendi kulisikia, lakini linaeleza mengi yatakayofuata.

Kwa mwanamume ni kipimo cha manii. Viwango vya chini vya WHO vya 2021: ujazo ml 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila ml, zinazojongea asilimia 42, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Ndiyo, nne, si arobaini; kila mwezi kuna mtu anashtuka bure. Mbegu inachukua miezi miwili na ushee kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kuharibu majibu ya wiki kadhaa zijazo.

Vingine: VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kinga ya rubela, na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla hata ya kuanza. Mirija ichunguzwe pia. Mrija ulioziba na kujaa maji hunyunyizia maji yale ndani ya kizazi na kuzuia kiinitete kushika, hivyo hutolewa au hufungwa kwanza. Kuuruka ni kupoteza viinitete vizuri kwa sababu iliyokuwa inajulikana.

Ratiba ziko mbili kubwa. Ndefu inaanza karibu siku ya 21 ya mzunguko uliotangulia, kwa dawa ya kuzima homoni za ubongo zinazoamuru ovari, kisha baada ya wiki mbili hivi ndipo sindano za kukuza mayai zinaingia. Fupi, inayotumika zaidi siku hizi, inaanza siku ya 2 au ya 3 ya hedhi moja kwa moja na FSH (homoni ya kukuza vifuko vya mayai), mara nyingi uniti 150 hadi 225 kwa siku. Ikifika siku ya 5 au ya 6 ya sindano, au kifuko kikubwa kikifika mm 14, inaongezwa sindano ya kuzuia mayai yasitoke mapema. Kuanzia hapo ni sindano mbili kwa siku hadi mwisho. Kwa kawaida sindano za kukuza huchukua siku 8 hadi 12.

#2 Shemeji Mtulivu

Shukrani Bi Sindano. Tuanzie hapo kwenye sindano. Anayejichoma mwenyewe nyumbani anakosea wapi hasa?

#3 Bi Sindano

Wengi wanaogopa kuchoma, kumbe makosa mengi yako kwenye kuandaa.

Dawa ya unga: chupa ndogo yenye unga mweupe, pamoja na maji yake ya kuyeyushia. Vuta ml 1 ya maji kwa sindano nene, ingiza kwenye chupa ya kwanza polepole yakishuka ubavuni mwa kioo, zungusha chupa kati ya viganja. Usitikise, itajaa povu na hutapata kipimo. Unga ukishapotea, vuta yote. Umeandikiwa chupa tatu? Usitumie maji mapya. Yaleyale ml 1 unayahamishia chupa ya pili, kisha ya tatu, unaishia na dozi yote kwenye ml 1. Kabla ya kuvuta tone la mwisho, inamisha chupa na urudishe ncha ya sindano hadi shingoni, kwa sababu dawa inabaki pale. Halafu badilisha: ile nene toa, weka nyembamba fupi ya kuchomea. Anayesahau kubadilisha hukumbuka vizuri sana baada ya kuchoma.

Kalamu, yaani sindano iliyojazwa dawa tayari: ukimaliza kubonyeza, acha sindano ndani na uhesabu taratibu hadi kumi, kisha toa. Tazama kidirisha. Kikisoma 0, dozi imekwisha. Kikisoma 75, maana yake kalamu imeishiwa na bado unadaiwa uniti 75. Unafungua kalamu nyingine na kuchoma hizo 75 tu.

Mahali: tumboni chini ya kitovu, vidole vitatu hivi mbali nacho, leo kulia kesho kushoto. Finya ngozi, ingiza wima. Tone la damu au alama ya bluu si tatizo. Sindano ya kuzuia mayai huacha wekundu na mwasho unaopoa ndani ya saa moja hivi. Mwasho wa mwili mzima au kuvimba midomo ni jambo jingine, hiyo ni dharura.

Dawa nyingi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Katikati ya friji panafaa. Karibu na sehemu ya barafu hapafai, kwa sababu dawa iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Ukichelewa saa moja au mbili kwenye FSH, choma na uendelee. Ile ya kuzuia haina huruma hivyo: kati ya dozi moja na nyingine, na kati ya ya mwisho na triga (sindano ya mwisho ya kupevusha mayai), zisipite saa 30. Ikipita, ubongo unaweza kuamuru mayai yatoke, na siku ya kuvuna, yaani kutoa mayai, mtakuta vifuko vitupu.

#4 Kalenda ya Mama

Naomba kuuliza kuhusu ultrasaundi. Watu wanaambiwa "una vifuko 14" halafu mayai yanakuwa 9. Nani kaiba?

#5 Bi Sindano

Hakuna mwizi. Kifuko ni nyumba, yai ndilo mwenye nyumba, na ultrasaundi inaona nyumba tu.

Kipimo cha kwanza ni karibu siku ya 5 au 6 ya sindano, kisha kila baada ya siku mbili hivi, mwishoni hata kila siku. Vikishaanza kukua kweli, vinaongezeka mm 1.5 hadi 2 kwa siku. Triga hupigwa vikubwa viwili au vitatu vikifika mm 17 au 18. Vilivyo chini ya mm 12 siku hiyo aghalabu havitoi yai lililokomaa. Kwa hiyo mwenye vifuko 14, vinne vikiwa vya mm 9, ajihesabie kumi.

Pamoja na hiyo kuna damu: estrojeni inayopanda inaonyesha vifuko vinafanya kazi. Projesteroni (homoni inayoandaa ukuta wa kizazi) ikipanda kabla ya wakati, wengi huweka mpaka kwenye 1.5 ng/ml, ukuta wa kizazi umetangulia mbele ya kiinitete. Mayai hayadhuriki, ila viinitete vinagandishwa na kuwekwa mzunguko mwingine.

Mzunguko unaweza kusimamishwa hapa. Vifuko viwili tu licha ya dozi kubwa, au vingi mno na hatari ya ovari kuvimba. Kupandisha FSH zaidi ya uniti 300 kwa mtu mwenye akiba ndogo ya mayai kwa kawaida hakuleti mayai ya maana zaidi. Dawa haiwezi kukuza kifuko ambacho hakikuwepo mwezi huo.

#6 Bi Sindano

Naiwekea triga posti yake. Hii ni sindano moja tu, lakini ndiyo pekee katika mzunguko mzima inayopimwa kwa dakika.

Kazi yake ni kumalizia upevushaji: yai linapunguza kromosomu zake kwa nusu na kulegea kutoka ukutani mwa kifuko. Kazi hiyo inachukua saa 34 hadi 36, na mayai hutolewa hapo, kabla kifuko hakijapasuka chenyewe. Uvunaji ukipangwa Alhamisi saa 3 na nusu asubuhi, triga ya saa 36 ni Jumanne saa 3 na nusu usiku.

Sasa angalieni mtego. Karatasi ya kliniki au ujumbe wa simu unaandika 9:30 PM. Mtu anasoma "tisa na nusu", anaweka kengele ya saa 9 na nusu usiku, na kuchoma saa sita baadaye. Uvunaji unakuta mayai ya saa 30: mengi hayajapevuka, mengine hayataki kutoka ukutani. Kosa la pili ni la siku. "Usiku wa Jumatano" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne jua likishazama; kwa wengine ni Jumatano yenyewe. Hapo unakosea saa 24 nzima. Anayeandika na aandike hivi: *Jumanne tarehe fulani, saa 3 na nusu usiku, 21:30, usiku wa kuamkia Jumatano.* Anayepokea na amsomee nesi kwa sauti kabla ya kukata simu.

Triga ziko za aina mbili. hCG (homoni ya mimba), uniti 5,000 hadi 10,000 au mikrogramu 250 za ile ya kalamu, inakaa mwilini siku nyingi. Ya pili inaamsha tezi ya ubongo itoe homoni yake yenyewe. Inapita haraka na karibu inaondoa hatari ya ovari kuvimba vibaya, ndiyo wanapewa wenye vifuko vingi. Haifanyi kazi kwenye ratiba ndefu, kwa sababu tezi ile imekwisha kuzimwa.

Ukikosea saa, piga simu usiku huohuo. Uvunaji unaweza kusogezwa. Kosa lililofichwa haliwezi kusogezwa. Kama dozi ilimwagika au una wasiwasi haikuingia, kipimo cha damu asubuhi yake kinaonyesha kama homoni imepanda, na bado kuna muda wa kurudia.

#7 Shemeji Mtulivu

Hilo la saa 9:30 limenifanya nicheke kisha nikaacha. Siku yenyewe ya kuvuna inakwendaje? Nusu kaputi ni lazima?

#8 Bi Sindano

Aghalabu ni dawa ya usingizi mwepesi ya mshipani, unapumua mwenyewe. Chakula kisimame saa 6 kabla, maji matupu hadi saa 2 kabla, ila fuata ulichoelekezwa. Usipake manukato, kucha zisiwe na rangi kwa sababu ya kile kibana cha kidole kinachosoma oksijeni.

Kifaa cha ultrasaundi ya ukeni kina reli, sindano ndefu inapita humo, inatoboa ukuta wa uke na kuingia kifuko kimoja baada ya kingine na kufyonza maji. Dakika 15 hadi 30. Kila bomba la maji linapelekwa maabara likiwa na joto la mwili.

Baadaye: maumivu kama ya hedhi siku moja au mbili, matone ya damu, tumbo kujaa. Parasetamoli inatosha wengi. Usiendeshe gari siku hiyo. Rudi haraka ukilowesha pedi kwa saa, ukipata homa ya nyuzi 38, ukizimia, au maumivu yakizidi badala ya kupungua. Kutokwa damu ndani na maambukizi ni nadra, lakini vipo.

Upande wa mwanamume: asitoe manii siku 2 hadi 5 kabla. Sampuli itolewe kwenye kikopo cha maabara, bila mafuta, mate wala kondomu, kwani vyote huua au hulemaza mbegu. Ikitolewa nyumbani ifike ndani ya saa moja, imebebwa karibu na mwili, si kwenye barafu. Mwenye wasiwasi wa kushindwa siku yenyewe agandishe sampuli ya akiba wiki kadhaa kabla. Si aibu.

#9 Maabara_37C

Napokea kijiti.

Maji ya kifuko yanamiminwa kwenye sahani ndogo juu ya meza yenye joto. Yai halionekani lenyewe kwanza. Kinachoonekana ni wingu la utelezi kama ute wa yai la kuku, na ndani yake kuna nukta. Kama ni ICSI (mbegu moja kuchomwa ndani ya yai), wingu hilo linaondolewa kwa kimeng'enya, na hapo ndipo tunajua umri wa yai. Lililokomaa lina kijipira kidogo kimebanana pembeni, chini ya ganda: hizo ndizo kromosomu zilizotupwa. Bila kijipira, halijakomaa. Kwa wastani takriban manane kati ya kumi huwa yamekomaa.

Kurutubisha kuna njia mbili. Ya kawaida, kila yai linawekewa mbegu maelfu kwa makumi sahanini, zishindane zenyewe. ICSI, ambayo mimba zake za kwanza ziliripotiwa mwaka 1992, mbegu moja inachaguliwa, mkia unasuguliwa ili isimame, kisha inaingizwa kwa sindano ya kioo. Inahitajika mbegu zikiwa chache au dhaifu, au urutubishaji wa kawaida uliposhindwa. Manii yakiwa mazuri, ICSI haiongezi watoto. Wapo wanaoiuza kama "daraja la kwanza", uliza sababu.

Saa 16 hadi 18 baadaye tunatazama. Tunatafuta duara mbili ndani ya yai, zimekaa bega kwa bega: moja ya mama, moja ya baba. Mbili ndiyo sawa. Tatu maana yake mbegu mbili ziliingia au yai halikutupa kromosomu zake, na hilo haliwekwi. Dirisha hili ni fupi, duara zikishayeyuka huwezi kujua. Kwa hiyo simu ya kwanza kutoka maabara huja asubuhi ya siku inayofuata, na kwa kawaida asilimia 60 hadi 80 ya mayai yaliyokomaa yamerutubika.

Siku ya 2 seli 4. Siku ya 3 seli 6 hadi 8. Siku ya 4 seli zinashikana hadi huzihesabu tena. Siku ya 5 au 6 ni blastosisti: tufe lenye maji, lenye kundi la seli ndani.

Kalenda ya Mama aliuliza nani kaiba. Swali linafaa zaidi hapa. Mpaka siku ya 3 kiinitete kinaishi kwa akiba ya yai, kama abiria kwenye gari la mama. Kuanzia seli 4 hadi 8 jeni zake mwenyewe zinashika usukani, na kama kromosomu hazikugawanyika sawasawa, ndipo anguko linapoonekana. Viinitete vizuri vya siku ya 3 husimama siku ya 4 bila mtu kukosea chochote. Nusu hivi ya vilivyorutubika ndiyo hufika blastosisti, mara nyingi pungufu ya nusu, na pungufu zaidi umri ukipanda. Hesabu ya mfano: vifuko 14, mayai 10, yaliyokomaa 8, yaliyorutubika 6, blastosisti 2 au 3. Huo ni mzunguko uliokwenda *vizuri*. Mimba iliyomleta Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, Julai 1978, ilitokana na yai moja tu la mzunguko wa asili.

#10 Kalenda ya Mama

Na hizo alama, 4AB, 3BC, ni maksi za mtihani?

#11 Maabara_37C

Ni maelezo ya sura. Namba, 1 hadi 6, ni jinsi kilivyotanuka: 4 kimetanuka na ganda limekuwa jembamba, 5 kinaanguliwa, 6 kimetoka kabisa. Herufi ya kwanza ni kundi la seli za ndani litakalokuwa mtoto, ya pili ni seli za nje zitakazojenga kondo. 4BB ni kiinitete kizuri, tafadhali msilie kwa sababu hakuna A. Cha BC hakina nafasi sawa na cha AA, ila kikishika, mtoto wake habebi alama ya C.

Sura haioneshi kromosomu. Kwa hilo kuna kipimo cha PGT: seli 5 hadi 10 za nje zinakatwa, kiinitete kinagandishwa, majibu yanasubiriwa. Kinasaidia kuchagua, hakitengenezi kilichoharibika. Aliyebaki na viinitete viwili ajiulize kama kuchagua kati ya viwili kutabadili chochote.

Kugandisha ni kwa njia ya haraka mno, kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi −196, maji ya ndani yawe kama kioo badala ya barafu yenye ncha. Kwenye maabara nzuri zaidi ya asilimia 90 ya blastosisti huamka salama.

#12 Bi Sindano

Narudi kwa mama. Jioni ya uvunaji au siku inayofuata projesteroni inaanza, kwa mfano vidonge vya ukeni vya mg 400 mara mbili kwa siku, au jeli, au sindano ya mafuta ya msuli. Sababu: dawa zilizotangulia zimenyamazisha ubongo, na mabaki ya vifuko bila amri ya ubongo huzeeka mapema. Ukiacha, ukuta wa kizazi unabomoka kabla kiinitete hakijapata nafasi. Vidonge vya ukeni huvuja uji mweupe kama chokaa. Ni kibebeo cha dawa, dawa yenyewe imekwisha kufyonzwa. Usiongeze kingine kwa hofu.

Kuweka kiinitete hakuna usingizi. Kibofu kijae kiasi, kwa sababu kinanyoosha shingo ya kizazi na kusaidia ultrasaundi ya tumbo kuona. Jina na tarehe ya kuzaliwa vinasomwa kwa sauti na watu wawili; usichoke kuvirudia. Katheta, yaani mrija mwembamba laini, inapita mlango wa kizazi na kiinitete kinaachwa sm 1 hadi 2 kutoka juu ya chumba. Ile nukta nyeupe inayong'aa kwenye skrini, ambayo watu huipiga picha, ni kipovu cha hewa. Kiinitete chenyewe ni kidogo mno kuonekana. Kisha katheta inarudishwa maabara kutazamwa kwa hadubini kama kiinitete kimenasa humo. Kikikutwa kinarudishwa tena, na nafasi haipungui sana.

Nenda msalani. Hakiwezi kudondoka. Kuta za kizazi zimegusana kama viganja viwili vilivyobanwa, na kibofu kina njia yake. Kulala kitandani wiki nzima hakuongezi mimba, kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na wazimu wa kuhesabu dari.

Kimoja au viwili? Kimoja, kama ni blastosisti nzuri na una vingine kwenye akiba. Pacha wa IVF huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi zaidi, na shinikizo la damu la ujauzito humfuata mama. Kuweka viwili kimoja baada ya kingine, mizunguko miwili, kunakaribia nafasi ileile bila hatari hizo.

#13 Shemeji Mtulivu

Na kiinitete cha barafu kinawekwaje? Sindano tena?

#14 Bi Sindano

Siyo zile za kukuza. Mwenye hedhi inayoeleweka anaweza kufuata mzunguko wake wa asili, wanasubiri yai litoke na kuhesabu siku. Vinginevyo estrojeni ya vidonge, mara nyingi mg 6 kwa siku, takriban wiki mbili, mpaka ukuta ufike mm 7 au zaidi. Kisha projesteroni, na blastosisti inawekwa baada ya siku 5 kamili za projesteroni. Kwenye njia hii ya vidonge ovari haikutoa yai, hakuna projesteroni ya mwilini kabisa, kwa hiyo kusahau dozi ni kosa kubwa kuliko kwenye mzunguko wa kuvuna mayai.

Nimeona watu wakiuliza pia kuhusu kukwaruza kizazi kabla ya kuweka. Utafiti mkubwa uliotoka 2019 haukuona faida. Okoa maumivu.

#15 Kalenda ya Mama

Tumbo kuvimba: lini ni kawaida, lini ni hatari?

#16 Bi Sindano

Ovari zenye vifuko vingi hujaa siku kadhaa baada ya kuvuna, sketi inakataa kufunga, inapungua wiki moja. Kawaida. Hatari ni pale maji yanapotoka kwenye mishipa na kujaa tumboni, huku damu ikibaki nzito. Pima uzito kila asubuhi ukiwa na nguo zilezile, na mzunguko wa tumbo kitovuni. Uzito ukipanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukawa kidogo na mweusi, ukitapika hadi maji hayakai, ukishindwa kupumua ukilala chali, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usisubiri asubuhi.

Inakuja kwa vipindi viwili: ndani ya wiki ya kwanza baada ya hCG, na baada ya siku 10 hivi, ambapo mimba yenyewe ndiyo inazalisha hCG na kuchochea moto. Ndiyo sababu mwenye hatari hugandishiwa vyote: bila mimba, kipindi cha pili hakipo. Wanaopata zaidi ni vijana, wenye ovari zenye vifuko vingi na AMH ya juu.

#17 Shemeji Mtulivu

Tumalizie na ule muda wa kusubiri. Kipimo cha mkojo nyumbani kina makosa gani?

#18 Bi Sindano

Mawili. Triga ya hCG inaweza kubaki mwilini siku 10 hadi 14, hivyo mistari miwili siku ya 4 baada ya kuwekewa inaweza kuwa ni sindano. Na kupima mapema kunaleta "hakuna" wakati kiinitete ndiyo kwanza kinajichimbia. Dalili nazo haziaminiki: matiti kuuma, usingizi, tumbo kujaa, vyote projesteroni inaweza kuvileta. Matone ya damu si mwisho. Watu huacha projesteroni wenyewe kwa kuona damu, na hilo ndilo kosa la kuumiza zaidi katika wiki hizi mbili.

Damu inapimwa hCG siku 9 hadi 11 baada ya blastosisti kuwekwa. Namba moja haisemi mengi. Inarudiwa baada ya saa 48, tunataka ipande, mara nyingi karibu mara mbili. Ikipanda kwa kusuasua, fikirieni mimba nje ya kizazi. Inatokea hata kwenye IVF, hata kwa kiinitete kilichowekwa katikati kabisa, kwa sababu kinaweza kusogea kabla ya kushika. Maumivu ya upande mmoja, ya bega, au kizunguzungu: hospitali.

Ikiwa hakuna mimba, projesteroni inasimamishwa kwa maelekezo na hedhi huja ndani ya siku chache, mara nyingi nzito. Kabla ya kikao cha kupanga tena, omba karatasi ya maabara: dozi na siku za sindano, ukubwa wa vifuko siku ya triga, mayai, yaliyokomaa, yaliyorutubika, ya siku ya 3, ya siku ya 5. Anguko liko wapi ndipo pa kurekebisha. Mayai mengi yasiyokomaa, tazameni triga. Urutubishaji sifuri, ICSI. Kusimama baada ya siku ya 3, tazameni mbegu pia, siyo mama peke yake.

#19 Kalenda ya Mama

La mwisho: mimba inahesabiwaje wakati hakuna hedhi ya kuanzia?

#20 Maabara_37C

Siku ya kuvuna ni siku ya 14. Kwa hiyo siku unayowekewa blastosisti ya siku ya 5 tayari unahesabiwa wiki 2 na siku 5, hata kama kilikaa kwenye barafu miaka. Tarehe ya kujifungua ni siku ya kuwekewa ongeza siku 261. Umewekewa 3 Machi: damu kati ya 12 na 14 Machi, ultrasaundi ya kutafuta mapigo ya moyo kuanzia 26 Machi hadi 2 Aprili, kujifungua 19 Novemba. Kama ilikuwa ya siku ya 3, ongeza 263. Programu nyingi za simu zinaomba hedhi ya mwisho, na kwenye mzunguko wa vidonge hedhi hiyo inaweza kukupotosha kwa siku kadhaa. Iandikie 12 Februari na itakubaliana na hesabu hii.